PhD ya utengamao: anza na wodi yako, chuo kitafuata

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya rufaa ya mkoa, kanda ya kati. Shahada ya kwanza nilisoma Moshi, kisha nikafanya uzamili wa afya ya jamii. Nina miaka tisa kazini, na wagonjwa wangu wengi ni wa kiharusi na majeruhi wa bodaboda. Nataka kusoma PhD ya sayansi ya utengamao, yaani ya kumrudishia mgonjwa uwezo wa kufanya shughuli zake, ila sijui pa kuanzia. Binamu yangu aliye Marekani ananishauri nitafute DPT kwa sababu nayo ni udaktari na inaisha kwa miaka mitatu. Wenzangu kazini wanasema ufadhili upo kwa malaria na UKIMWI tu, mambo yetu hakuna anayeyalipia. Nina watoto wawili, mdogo ana miaka minne. Je, inawezekana? Nianze na chuo gani?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Inawezekana. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu hilo la mwisho, la kuanza na chuo gani, ndilo linalowapotezea watu wengi muda na fedha. Wanapekua tovuti za vyuo, wanajaza fomu, wanalipia maombi, miezi inapita na hakuna jibu. Uzamivu hauna darasa linalosubiri lijae. Una msimamizi mmoja au wawili watakaokubali kukaa na swali lako kwa miaka mitatu, minne, hata mitano. Kwa hiyo ningekupangia hivi: kwanza swali, kisha msimamizi, kisha fedha. Chuo utakichagua kutokana na hayo.

La binamu yako nilimalize mapema. DPT, yaani Doctor of Physical Therapy, ni shahada ya kumwandaa mtu kutibu. Marekani ndiyo njia ya kuingia kwenye taaluma ya fiziotherapia siku hizi, huchukua kama miaka mitatu, na anayehitimu hufanya mtihani wa taifa wa leseni. Ni shahada nzuri kwa kazi iliyokusudiwa. Lakini haikufundishi kubuni utafiti wako mwenyewe na kuusimamia hadi tasnifu, wanafunzi wake wengi hujilipia ada kubwa, na wewe ungekuwa unarudia mengi uliyokwisha kuyasoma Moshi na kuyafanya kwa miaka tisa. Hata mtu anayetaka kwenda kutibu kule halazimiki kuianza upya: vyeti vya aliyesomea nje hupimwa, na akikidhi vigezo huruhusiwa kufanya mtihani wa leseni. Kama unataka kufundisha vyuoni, kutafiti, na kuwa na hoja zenye ushahidi ukikaa meza moja na wizara, unachokitafuta ni PhD.

Wenzako nao wana sehemu ya ukweli. Fedha za magonjwa ya kuambukiza ni nyingi zaidi, na hilo halitabadilika kesho. Ila hali si ile ya miaka ishirini iliyopita. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilizindua mpango wake wa Utengamao 2030. Makala iliyochapishwa kwenye jarida la The Lancet ilikadiria kwamba mwaka 2019 watu bilioni 2.41 duniani walikuwa na hali ambayo ingenufaika na huduma za utengamao. Mei 2023 Baraza la Afya Duniani likapitisha azimio la kuimarisha utengamao ndani ya mifumo ya afya ya nchi wanachama. Takwimu hizi zikae kwenye aya ya kwanza ya andiko lako la utafiti, halafu ziishie hapo. Msimamizi anazijua. Asichokijua ni kinachotokea kwa mgonjwa wako akishapita geti la hospitali.

Hapo ndipo pa kukaa kwa muda mrefu, dada. Chukua mgonjwa ambaye nina hakika umemwona. Mzee wa miaka sitini kutoka wilayani analazwa na kiharusi, upande wa kulia umelegea. Anakaa wodini wiki moja. Unamfundisha mke wake namna ya kumgeuza kitandani, kumkalisha, kumsimamisha, na kuushika ule mkono bila kuuvuta kwapani. Wanaondoka na kadi yenye tarehe ya kliniki. Tarehe inafika, hawaonekani. Miezi minne baadaye wanakuja kwa shida nyingine na unamkuta bega limeganda, kiwiko kimejikunja, kisigino hakigusi chini, na mke mwenyewe analalamika mgongo.

Mtu mwingine angeondoka hapo na kichwa cha habari: "Changamoto za huduma za utengamao kwa wagonjwa wa kiharusi Tanzania." Hiyo ni mada, tena pana mno, na hakuna msimamizi makini atakayeishika. Swali ni kama hili: kati ya wagonjwa wa kiharusi wanaoruhusiwa kutoka hospitali yako, wangapi hurudi kliniki ya fiziotherapia ndani ya miezi mitatu, na wanaorudi wanatofautianaje na wasiorudi? Ni umbali? Nauli? Bima? Ukali wa ugonjwa wenyewe, au ni nani aliyeachiwa jukumu la kumhudumia? Rejista zako zina sehemu ya jibu. Swali la pili linazaliwa hapo hapo: kwa wale wasiorudi, nyumbani kunafanyika nini? Hilo huwezi kulijibu kwa rejista. Unawafuata, unakaa nao kwenye mkeka, unamsikiliza mgonjwa na anayemuuguza. Swali la tatu linakuja baada ya kuyajua hayo mawili: je, mpango fulani wa kumfundisha mlezi na kumfuatilia kwa simu unatekelezeka kwa watumishi mlio nao, na unabadilisha nini? Maswali matatu yanayosukumana namna hiyo ni makala tatu, na makala tatu nzuri zinabeba tasnifu.

Usidhani jibu la lile la tatu linajulikana tayari. Nchini India ulifanyika utafiti mkubwa uitwao ATTEND, wagonjwa 1,250 kutoka hospitali 14, matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Familia zilifundishwa kumfanyisha mgonjwa mazoezi nyumbani. Baada ya miezi sita, waliofundishwa na wasiofundishwa hawakutofautiana kwa vifo wala kwa utegemezi. Mtu anayeandika leo kwamba "mafunzo kwa walezi yatapunguza ulemavu" bila kuutaja utafiti huo atarudishwa mlangoni. Wewe utapaswa kueleza kwa nini mpango wako ni tofauti, au kwa nini unapima kitu kingine, kwa mfano mgongo wa yule mke. Mimi binafsi ningevutiwa sana na mgongo wa yule mke. Anainua mwili mzito mara nyingi kwa siku, na afya yake haiandikwi kwenye faili lolote.

Soma pia kazi iliyofanyika nyumbani kwako. Utafiti wa wilaya ya Hai na Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2010, uliwahesabu wanaopata kiharusi kwa mara ya kwanza katika jamii yenyewe, si hospitalini tu. Baada ya kusawazisha umri, walikuta wagonjwa wapya wapatao 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na 315.9 Dar es Salaam. Baadaye yamefuata maandiko mengine kuhusu hali ya walionusurika Hai. Yasome yote kabla hujaandika kwamba hakuna aliyewahi kuligusa jambo hili.

Kuna jambo la vipimo pia, na hapa ndipo naona wataalamu wetu wana nafasi kubwa kuliko wanavyojua. Kipimo cha Barthel tunachokitumia wodini kupima uwezo wa mgonjwa kujihudumia kilichapishwa mwaka 1965 nchini Marekani. Kinauliza kuhusu kupanda ngazi. Mgonjwa wako wa kijijini pengine hana ngazi hata moja ya kupanda, lakini anatakiwa kuinuka kutoka kwenye mkeka, kuchuchumaa kwenye choo cha shimo, kupanda bodaboda, na kukaa kwenye kigoda jikoni. Anaweza kupata alama nzuri huku hawezi kujisaidia mwenyewe kwao, au alama mbaya huku shughuli zake muhimu anaziweza. Ule Uainishaji wa Kimataifa wa Utendaji, Ulemavu na Afya uliopitishwa na WHO mwaka 2001, tunaouita ICF, unatutaka tuutazame mwili, shughuli, ushiriki wa mtu kwenye maisha, na mazingira yake. Kuthibitisha kipimo kinachoendana na mazingira ya mgonjwa wako ni kazi halali ya uzamivu, na watakaokuja nyuma yako wataitumia kwa miaka mingi.

Angalia tu usichague swali linalotegemea mashine usiyo nayo. Kuna maabara za kuchunguza mwendo zenye kamera nyingi na sakafu za kupima nguvu ya mguu, na kuna watakaokualika. Jifunze huko kwa furaha. Lakini swali linaloishi ndani ya maabara ya Toronto utaliacha Toronto siku ya kurudi.

Kabla ya kumwandikia mtu yeyote, kagua uzamili wako. Je, uliandika tasnifu yenye data uliyoikusanya na kuichambua mwenyewe? Vyuo vingi vinataka kuona hivyo. Kama ulisoma kozi tu na ripoti fupi mwishoni, bado mlango haujafungwa. Chapisha makala moja ya utafiti ukiwa mwandishi wa kwanza, hata kama ni ya rejista za hospitali yako. Omba ruhusa ya mganga mfawidhi na kibali cha maadili kwanza, maana jarida la maana litakuuliza. Na ukipokea barua pepe inayokuita "mtafiti mashuhuri" na kukuahidi kuchapisha ndani ya siku tano kwa malipo, ifute.

Msimamizi utampata kwenye orodha ya marejeo ya makala ulizozipenda. Tafuta jina linalojirudia. Angalia kama bado anachapisha, na kama amewahi kufanya kazi na watafiti wa Afrika au Asia kwa namna inayoonekana: majina yao yamo mwanzoni mwa makala, au yamewekwa katikati ambako hayaonekani? Kisha andika barua fupi. Ninazopokea nyingi huanza kwa "naomba nafasi ya PhD kwako" na kuambatisha vyeti kumi. Ile ambayo mimi ningeijibu siku hiyo hiyo inasomeka hivi:

"Profesa, ni mtaalamu wa fiziotherapia Tanzania, hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa miaka tisa. Wagonjwa wetu wengi wa kiharusi huruhusiwa ndani ya wiki moja na hawarudi kliniki. Nimesoma makala yako ya walezi, na najiuliza kama matokeo yangekuwa yale yale mahali ambapo mgonjwa hapati kikao hata kimoja cha tiba baada ya kuruhusiwa. Nimeambatisha ukurasa mmoja wa swali langu na namna ninavyofikiri kulijibu. Je, unapokea wanafunzi wa uzamivu mwakani? Kama hupokei, unaweza kunielekeza kwa mwenzako?"

Sentensi ile ya mwisho usiiache. Wengi husema hapana kwa sababu nafasi zimejaa, lakini wakishasoma ukurasa mmoja mzuri huona vigumu kutotaja jina la mwenzao. Asipojibu wiki tatu, mkumbushe mara moja, halafu mwache. Akikubali, omba kuzungumza na wanafunzi wake wa zamani bila yeye kuwepo. Waulize: walimaliza? Kwa muda gani? Alisoma rasimu zao, au zilikaa kwake miezi?

Sasa mahali. Kwanza ondoa wazo kwamba cheti lazima kiwe na neno utengamao. PhD ya MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, au ya Moshi iliyosajiliwa kwenye afya, yenye swali la utengamao na msimamizi mwenza wa nje aliyebobea, ina uzito ule ule, na inakuacha karibu na wagonjwa wako. Afrika Kusini kuna mapokeo marefu ya fani yetu: Chuo Kikuu cha Western Cape kimesomesha wataalamu wa fiziotherapia kutoka nchi kadhaa za Afrika, na vile vya Stellenbosch, Cape Town na Witwatersrand vina watafiti wazuri. Uzamivu wa huko kwa kawaida ni wa utafiti mtupu, bila masomo ya darasani, na ada yake iko chini sana ukilinganisha na ya Uingereza. Kanada ina programu zenye jina hilo hilo la sayansi ya utengamao, Toronto, McMaster na British Columbia zikiwemo. Marekani zipo kwenye vyuo vikuu vya Pittsburgh na Washington, na huko utaanza na masomo ya darasani; utakapokubaliwa uliza waziwazi kama kuna kazi ya usaidizi wa utafiti inayolipa ada na posho, na bila hiyo usiende.

Sweden ni habari ya peke yake. Kule mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa: nafasi inatangazwa kama kazi, unalipwa mshahara, hakuna ada, na masomo ni miaka minne kwa mtu wa muda wote. Tasnifu mara nyingi ni makala kadhaa zilizofungwa pamoja kwa utangulizi. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi unaomba swali ambalo profesa ameshalipatia fedha, si la kwako.

Kuhusu ufadhili, kwa Mtanzania mtazame kwanza ule wa Jumuiya ya Madola unaotolewa na Uingereza, kwa kuwa una kundi la uzamivu lililolengwa kwa nchi zenye uchumi mdogo. Soma orodha ya nchi na masharti kila mwaka kabla ya kuomba. DAAD, shirika la Ujerumani la ubadilishanaji wa wanataaluma, hufadhili masomo Ujerumani na pia katika baadhi ya vyuo vya Afrika. Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, hupeleka watu kusoma huko. Mtandao wa CARTA wa kuwaandaa watafiti wa Afrika, ulio chini ya kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi, umewasomesha wengi na mafunzo yake ya pamoja ni mazuri sana, ila umelenga watumishi wa taasisi wanachama. Kwa Tanzania hizo ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Afya Ifakara. Njia ambayo watu wetu huisahau ni mradi wa msimamizi mwenyewe. Profesa mwenye fedha za utafiti wa kiharusi anaweza kukuweka ndani ya mradi wake, ukapata posho na gharama za kukusanya data. Ndiyo maana nakwambia msimamizi anatangulia fedha.

Mambo ya ofisini usiyaache mwishoni. Mtumishi wa umma anahitaji ruhusa ya masomo kutoka kwa mwajiri, na jina lako likiwa kwenye mpango wa mafunzo wa hospitali mambo huwa rahisi zaidi. Zungumza na mganga mfawidhi na ofisa utumishi sasa, kabla ya kupata barua ya chuo, na usome vizuri sharti la kurudi kazini. Utafiti wenyewe utahitaji kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na cha chuo, pamoja na ruhusa ya mkoa. Ukisajiliwa nje, data za wagonjwa haziondoki nchini kienyeji. Kuna mkataba wa kuhamisha data unaopitishwa na NIMR. Panga miezi kadhaa kwa hayo. Nimeona watu wakilia kwa sababu walipanga wiki.

Na kama unafikiria kazi ya uhadhiri, tazama namba zako za zamani mapema. Matangazo ya kazi ya vyuo vikuu vya umma yamekuwa yakitaja GPA ya 3.8 kwa shahada ya kwanza na 4.0 kwa uzamili, na uzamivu haufuti ile ya kwanza. Aliye chini yake bado ana nafasi kwenye taasisi za utafiti, miradi, na wizarani, lakini ni vizuri kulijua hilo leo kuliko baada ya miaka mitano.

Nimewaweka watoto mwishoni kwa sababu jibu lao linategemea yote hayo. Kwa hali yako ningechagua mfumo wa mseto: usajiliwe Tanzania au Afrika Kusini, data ukusanye hospitalini kwako na vijijini kwa wagonjwa wako, na uende kwa msimamizi wa nje kwa vipindi vya miezi miwili mitatu, hasa wakati wa uchambuzi na uandishi. Mtoto wa miaka minne anaweza kubaki na baba au bibi kwa miezi miwili. Miaka minne ni jambo jingine kabisa. Ikitokea Uingereza, tangu Januari 2024 wanafunzi wa shahada za utafiti, wa PhD wakiwemo, ni miongoni mwa waliobaki na haki ya kuwaombea wategemezi visa, tofauti na wa uzamili wa kawaida. Lakini gharama ya visa na bima ya afya ya familia ni kubwa, na posho ya ufadhili haikupangwa kwa watu wanne. Sweden mshahara unaruhusu familia kuishi kwa kubana. Keti na mumeo mlijadili hili kwa namba, kabla ya barua ya kwanza.

Kwa sasa fanya moja. Kwa ruhusa ya mkuu wako, fungua rejista ya mwaka jana, toa wagonjwa wote wa kiharusi walioruhusiwa, tazama wangapi wana angalau hudhurio moja kliniki baada ya hapo, na uandike ukurasa mmoja: ulichokikuta, unachojiuliza, na utakavyojibu. Nitumie huo ukurasa bila majina ya wagonjwa. Nitausoma na kukurudishia maoni yangu kabla hujautuma kwa profesa yeyote.